Kumsema Mtu na Kusema Naye: Uhakiki wa Hadithi ya "Jambula Tree"

Kitenzi "kusema" kina matumizi mawili ambayo mwalimu wa Kiswahili hana budi kuyatenganisha mapema mbele ya wanafunzi wake. Kusema na mtu ni kukabiliana naye, yeye akisikia na akiwa na nafasi ya kujibu. Kumsema mtu ni kumteta, aghalabu akiwa hayupo na aghalabu si kwa wema. Mwanafunzi anayeanza kujifunza lugha hii huweza kudhani kwamba "nilimsema" na "nilisema naye" ni kitu kimoja. Kosa hilo huleta kicheko darasani, lakini limebeba somo kubwa kuliko sarufi.

Katika makala haya tunakusudia kulitumia somo hilo kuihakiki hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, iitwayo "Jambula Tree". Hadithi hiyo ilitoka mwaka 2006 katika mkusanyiko wa hadithi za mapenzi za Kiafrika uliohaririwa na Ama Ata Aidoo wa Ghana. Mwaka 2007 ikapata Tuzo ya Caine, na mwandishi wake akawa wa kwanza kutoka Uganda kuipata tuzo hiyo. Imeandikwa kwa Kiingereza, nayo yahusu mapenzi ya wasichana wawili wa Nakawa, hapa Kampala. Haikuandikwa mahsusi kwa ajili ya vijana wa shule. Hata hivyo, moyo wa hadithi ni wasichana wanaovuka kutoka utoto kwenda utu uzima, na mashaka yao ni mashaka ya umri huo. Kwa sababu hiyo tunaiweka jirani kabisa na fasihi ya vijana, na tutaipima kwa mizani ya fasihi hiyo.

Tunafahamu uzito wa jambo tunalolizungumza. Sheria iliyotiwa saini Mei 2023, ambayo Mahakama ya Katiba iliiacha isimame kwa sehemu kubwa katika hukumu yake ya Aprili 2024, haiadhibu tendo peke yake. Inaadhibu pia kile inachokiita kuhamasisha, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 20. Mwalimu mwenye familia hawezi kulaumiwa akitazama mlangoni kabla ya kuitaja hadithi hii. Sisi hatuandiki ili kumwambia mtu ampende nani. Tunaandika uhakiki wa hadithi iliyochapishwa na kutuzwa, tena inayohusu mtaa wa mji wetu, kwa kuwa tunaamini kwamba mwalimu wa lugha anawajibika kwa maneno. Na katika jambo hili maneno yamekwisha kuwaumiza watu.

Hadithi na mandhari yake

Msimulizi ni Anyango, ambaye sasa ni mwanamke mzima na muuguzi. Amepata habari kutoka kwa jirani yao, Mama Atim, kwamba Sanyu anarejea kutoka London. Habari hiyo inamrudisha katika miaka ya utoto wao. Wasichana hawa wawili waliwatazama wanawake wa mtaa wao, wakaona maisha yalivyowabana, wakaapa kwamba wao wataishi namna nyingine. Urafiki wao ukakomaa ukawa mapenzi. Usiku mmoja wakakutwa pamoja chini ya mti wa jambula, na aliyewakuta ni Mama Atim huyo huyo. Wazazi wa Sanyu wakampeleka London. Anyango akabaki Nakawa, aishi na macho ya watu.

Mtaa huo ulikuwepo. Nyumba za Nakawa na Naguru zilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Wakazi wake waliondolewa na nyumba zikabomolewa mwaka 2011. Msomaji wa leo atakayetaka kujua jinsi kuta za nyumba zile zilivyokaribiana, na jinsi sauti ya nyumba moja ilivyosikika katika nyumba ya pili, hataweza tena kwenda kuangalia kwa macho yake. Atazisoma humu. Na ukaribu huo wa kuta ni sehemu ya maana ya hadithi, kwani mahali ambapo hakuna siri inayokaa, siri mbili za wasichana wawili zilihitaji mti.

Nafsi ya usemaji

Jambo la kwanza linalomshika msomaji ni kwamba Anyango hatusimulii sisi. Anamsimulia Sanyu. Tangu mwanzo hadi mwisho maneno yake yanaelekezwa kwa Sanyu katika nafsi ya pili, mithili ya barua iliyoandikwa lakini bado haijatiwa stempu. Sisi wasomaji tumesimama kando, kama mtu aliyepita dirishani akayasikia mazungumzo yasiyokuwa yake.

Uzito wa mbinu hii unaonekana tukimlinganisha Anyango na Mama Atim. Mama Atim anawasema watu. Hiyo ndiyo kazi yake katika hadithi: huchukua habari ya nyumba hii akaipeleka nyumba ile, na ikifika huko imekwisha kuwa hukumu. Anyango, kwa upande wake, anasema na Sanyu. Wote wawili wanalizungumza tukio lile lile, la usiku ule ule, chini ya mti ule ule. Katika kinywa cha Mama Atim tukio hilo ni aibu ya mtaa mzima. Katika kinywa cha Anyango ni kumbukumbu ya watu wawili. Mwandishi hahitaji kusimama katikati akatoa hotuba. Ameziacha nafsi mbili za usemi zishindane, na msomaji amezisikia mwenyewe.

Hapo ndipo tunapoiona staha ya hadithi hii. Wako wanaodhani kwamba staha ni kulificha jambo, na wako wanaodhani kwamba ni kulisimamia jukwaani na kulitetea. Arac de Nyeko hakushika njia yoyote kati ya hizo. Mwili unatajwa katika hadithi yake, lakini unatajwa mbele ya mtu aliyekuwepo, ambaye kumbukumbu hiyo ni yake pia. Haukuanikwa uwanjani ili wapita njia wautazame. Kijana anayeisoma hadithi hii hafundishwi kuchungulia. Anafundishwa kusikiliza.

Tukiifikiria tafsiri ya Kiswahili, tunaona kwamba sarufi yetu ingeipokea hadithi hii kwa ukarimu. Chukua neno moja tu, "nilikusubiri". Ndani yake wamo watu wawili, "ni" anayesubiri na "ku" anayesubiriwa, na kilichowatenga ni "li", yaani wakati uliopita. Hiyo ndiyo hali ya Anyango na Sanyu, na mfasiri asingelazimika kuongeza kitu. Aidha, kitenzi chetu hakimuulizi mtu kama ni mume au ni mke. Tukisema "alimpenda", tumekwisha kusema habari nzima ya moyo kabla hatujajua aliyependa ni nani na aliyependwa ni nani.

Msamiati wetu

Matatizo huanza tunapofika kwenye nomino. Maneno yaliyoenea katika Kiswahili ya kuwataja watu wapendao jinsia yao karibu yote ni maneno ya kumsema mtu. Moja limetokana na kusaga, kazi ya jiwe na nafaka. Mengine tunayaacha, maana kila mwalimu ameyasikia yakitupwa viwanjani wakati wa mapumziko.

Neno linalostahili kutazamwa kwa makini ni "shoga". Kwa wanawake wa pwani, shoga ni rafiki wa kike wa mwanamke mwenzake: msiri wake, wa kusukana naye nywele na kutunziana siri. Neno hilo hilo likielekezwa kwa mwanamume huwa tusi. Maana hii ya pili imevuma mno katika magazeti na katika hotuba za wanasiasa, hata mwanafunzi wa bara huweza kumaliza shule akiijua hiyo peke yake, asijue kwamba Unguja na Mombasa mama mtu mzima humwita jirani yake "shoga yangu" kwa mapenzi na heshima. Lugha imepata tusi, na bara imekosa neno zuri la urafiki.

Mwongozaji wa filamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, alipoichukua hadithi hii akaifanya filamu iliyotoka mwaka 2018, aliihamishia Nairobi, akawaita wasichana wake Kena na Ziki, na filamu yenyewe akaiita "Rafiki". Tunaliona jina hilo kuwa uchaguzi wa busara. Ni neno lisilomshtaki mtu, na kijana anaweza kulitamka mezani mbele ya wazazi wake. Hata hivyo lina huzuni yake, kwa sababu linaonyesha kwamba lugha haikumpa mwongozaji neno jingine la upole ila lile ambalo linaficha nusu ya habari.

Kwa sisi wa Kampala suala hili lina kina cha pekee. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa miaka mingi watu wengi wa mji huu walikisikia zaidi katika vinywa vya askari, kwenye vizuizi vya barabarani na usiku mlangoni. Wazee wapo hadi leo ambao Kiswahili kwao ni lugha ya kuamrishwa na kutishwa. Mwaka 2005 Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Tumefanya kazi kubwa kuwaonyesha watoto wa wazee hao kwamba lugha hii ina pia methali, mashairi na maneno ya faraja. Tusije tukaiharibu kazi hiyo kwa kuwapa msamiati mpya wa kutishana.

Wala tusidhani kwamba Mama Atim ni mhusika wa kitabuni tu. Oktoba 2010, miaka minne baada ya hadithi kutoka, gazeti moja la Kampala lilichapisha majina na picha za watu liliowaita mashoga, likitaka wanyongwe. Watu watatu walilishtaki, na Januari 2011 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimevunjwa. Tarehe 26 ya mwezi huo huo mmoja wao, David Kato, aliyewahi kuwa mwalimu wa shule, aliuawa nyumbani kwake Mukono. Mtu mmoja alihukumiwa kwa mauaji hayo, na upande wa mashtaka ulisema chanzo kilikuwa ugomvi wa watu wawili. Kwa hiyo hatudai kwamba gazeti ndilo lililomwua. Tunasema tu kwamba gazeti hilo liliifanya kazi ya Mama Atim kwa mtambo wa chapa. Wahenga walituonya kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Na kujikwaa ulimi kwa maelfu ya nakala ni msiba wa kiasi kingine.

London na mzambarau

Walimu wengine watauliza kama mambo haya hayakuletwa kwetu na Wazungu. Swali hilo ni pana, na uhakiki wa hadithi moja hauwezi kulimaliza. Lakini hadithi hii ina jibu lake, na mhakiki mwaminifu hana budi kulitaja. Katika hadithi, London si chimbuko la mapenzi ya wasichana hawa. London ni mahali pa adhabu. Mapenzi yameota Nakawa, kati ya watoto waliolelewa kwa chakula na maneno ya Nakawa, na ni wazazi wanaotafuta dawa Ulaya. Mwandishi ameugeuza mwelekeo wa shutuma bila kubishana na mtu. Na tukitoka kitabuni tukaingia katika historia, tutakumbuka pia kwamba kifungu cha kale cha kanuni ya adhabu kinachokataza mapenzi haya tulikirithi kutoka kwa Waingereza.

Mti nao unatufundisha. Jambula wa Luganda ndio mzambarau wa Kiswahili. Asili yake ni Bara Hindi, lakini watoto wa Kampala na wa Unguja wamekula matunda yake vizazi kwa vizazi, ndimi zao zikapakaa rangi, hata Kiswahili kikaipa rangi hiyo jina la tunda. Yeyote aliyewahi kuiba zambarau utotoni anajua kwamba ukirudi nyumbani mdomo hukushtaki kabla hujaulizwa. Mwandishi aliyewaweka wasichana wake chini ya mti huo aliujua vizuri.

Kasoro za hadithi

Hatusemi kwamba hadithi haina kasoro. Tunaona mbili.

Ya kwanza ni kwamba Sanyu hajibu. Maneno yake ya zamani tunayapata kupitia kumbukumbu za Anyango, na hadithi inakoma kabla hatujawasikia wawili hao wakizungumza tena. Tumeisifu hadithi kwa kusema na mtu. Lakini kusema na mtu hukamilika pale mtu huyo anapopata zamu yake. Yawezekana Sanyu wa London amebadilika. Yawezekana hataki tena kukumbushwa. Anyango hajui, nasi hatujui, na mwandishi ametuacha na upande mmoja wa mazungumzo.

Ya pili ni nzito zaidi. Mama Atim amechorwa kwa mstari mmoja. Ni mbeya, na karibu hana kingine. Hatuoni alivyofika kuwa hivyo, wala kile anachokiogopa mwenyewe anapokimbilia kuzitangaza aibu za wenzake. Mwandishi anayetuomba tusimpime Anyango kwa jambo moja amempima Mama Atim kwa jambo moja. Kijana msomaji anaweza kutoka katika hadithi akiwa amejifunza kumwonea huruma mtu mmoja na kumdharau mwingine, na hilo ni nusu ya somo.

Suala la mwisho

Katika fasihi ya vijana, mwisho wa hadithi ndipo mwandishi anapojulikana. Mwandishi anaweza kumwadhibu mhusika kwa sababu mambo yaliyotangulia yamemfikisha huko, au kwa sababu anaogopa wasomaji. Msomaji makini huitambua tofauti.

Msomaji wa Kiswahili atamkumbuka Rosa wa "Rosa Mistika", riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Mapenzi ya riwaya hiyo ni ya mume na mke, lakini mzozo wake unafanana na huu. Rosa amelelewa kwa ukali wa baba yake, Zakaria, asiyesema naye juu ya jambo lolote la ujana ila kwa kipigo. Akipata uhuru chuoni hajui autumie vipi, na mwisho anajiua. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni Tanzania kwa muda, kisha ikaja ikakubaliwa na kusomeshwa. Waliokataza waliyaona maovu ya Rosa. Hawakuona kwamba Kezilahabi alikuwa akiwaonya wazazi na walimu juu ya ukimya wao wenyewe. Kifo cha Rosa kinatoka ndani ya hadithi. Hakikubandikwa mwishoni ili kuwaridhisha wakubwa.

Huko Marekani, Nancy Garden alichapisha mwaka 1982 riwaya ya vijana, "Annie on My Mind", juu ya wasichana wawili wanaopendana, akawaacha hai na wenye matumaini. Mwaka 1993 nakala yake ilichomwa moto hadharani katika eneo la Kansas City, na ilihitajika amri ya mahakama, mwaka 1995, kukirudisha kitabu hicho katika maktaba za shule za Olathe, jimboni Kansas. Kenya nayo, Aprili 2018, Bodi ya Uainishaji wa Filamu iliipiga marufuku "Rafiki", filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kwa tamasha la Cannes. Kwa maelezo ya mwongozaji mwenyewe, bodi ilikuwa imetaka mwisho ubadilishwe, msichana aonekane akijuta. Alikataa. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku kwa siku 7, na watu wakajaa katika majumba ya sinema ya Nairobi.

Tukiyaweka matukio haya pamoja, tunaona kwamba mara nyingi kinachowatia watu hofu ni mwisho usiomwangamiza mhusika. "Jambula Tree" haimwangamizi Anyango. Haimzawadii pia. Inamwacha katika kazi yake, katika mtaa wake, akisubiri, na huo ni mwisho wa kweli kwa mtu wa hali yake.

Kazi ya mwalimu

Hatumtaki mwalimu aipeleke hadithi hii darasani kinyume cha sheria au kinyume cha dhamiri yake. Hilo ni la kila mmoja kulipima. Lakini mwalimu anayesoma ili kuchagua vitabu, au ili kujielimisha tu, anaweza kujiuliza maswali matatu kuhusu kitabu chochote cha vijana kinachogusa mambo haya. Je, mhusika huyu ana maisha mengine, kazi, mama, ndoto na makosa ya kawaida, au amewekwa humo kwa jambo moja tu? Je, anayesimulia anasema na nani, na anayesimuliwa ana nafasi ya kusikia? Je, mwisho umetoka katika hadithi, au umetoka katika hofu ya mwandishi? Maswali haya ni ya maudhui na fani, na yanafaa kwa riwaya ya ndoa za mitala au ya ulevi sawasawa na yanavyofaa hapa.

Liko pia jambo ambalo halihitaji kitabu chochote. Hakuna sheria inayomlazimisha mwalimu kutukana, wala inayomkataza kulisahihisha tusi. Katika darasa la wanafunzi 60 au 70, neno moja kati ya yale tuliyoyaacha hapo juu likitupwa kutoka benchi la nyuma, wanafunzi wengi watacheka na kusahau kabla ya kengele. Yumkini yuko mmoja ambaye hatacheka, ambaye hajamwambia mtu yeyote habari zake, na ambaye kwa dakika hiyo anamtazama mwalimu tu. Mwalimu akicheka naye, amekwisha kumjibu.

Tungefurahi kupokea maoni ya walimu wenzetu, hasa juu ya suala la msamiati. Walioko pwani watusaidie kueleza jinsi neno "shoga" linavyotumika majumbani mwao leo, na walio tayari kujaribu kuzifasiri hata kurasa chache za hadithi hii kwa Kiswahili, kwa idhini ya wenyewe, watuarifu ni maneno gani waliyakosa.